Wema Usizidi Uwezo: Somo kwa Wanaotaka Kujitolea Kuokoa Wanyamapori

Saa moja asubuhi, kando ya barabara moja ya Kileleshwa, kima jike amelala chini. Gari limemgonga dakika chache zilizopita alipokuwa akivuka kutoka mti mmoja hadi mwingine. Amekwisha kufa, lakini mtoto wake mdogo bado amemshikilia tumboni. Bawabu wa jengo la karibu ndiye wa kwanza kufika. Mama mboga anakuja na ndizi. Mpangaji mmoja anashuka na pakiti ya maziwa na taulo, akisema atamchukua mtoto huyo akamlee nyumbani. Watoto wanaoelekea shuleni wanasimama kupiga picha.

Kisa hiki ni cha mfano, lakini mkazi yeyote wa Kileleshwa, Lavington, Westlands, Karen au Lang'ata anajua kwamba kinaweza kutokea kesho. Watu wote hao wana nia njema. Hata hivyo, maziwa yale yanaweza kumuua mtoto wa kima, taulo lile linaweza kumfikisha mpangaji mahakamani, na mtoto wa shule akisogea mno anaweza kuumwa. Wahenga walisema wema usizidi uwezo.

Somo hili linaeleza mambo manne: la kufanya mnyamapori anapopatikana akiwa hatarini, nani mwenye jukumu kisheria, kazi hasa ya kituo cha kuokoa wanyama, na njia za mkazi wa Nairobi kujitolea bila kuwadhuru anaotaka kuwasaidia.

SEHEMU YA 1: DAKIKA ZA KWANZA

Jambo la kwanza ni kusimama mbali. Waondoe mbwa, watoto na watazamaji. Mnyama aliyeogopa hupoteza nguvu alizobakisha, na umati wa watu humtisha kuliko jeraha lenyewe.

La pili ni kutazama juu. Kima na tumbili huishi kwa makundi. Mtoto aliyeanguka mtini mara nyingi si yatima: mama yake yuko juu anangoja watu waondoke ili ashuke kumchukua. Mtu anayemwokota mapema mno huwa amemtenganisha na mama aliye hai. Ikiwa mtoto hana jeraha na kundi liko karibu, rudi nyuma kabisa, nyamaza, kisha uangalie kwa mbali.

La tatu ni kupiga simu. Ikiwa mama amekufa, au mnyama ana jeraha, amepigwa na umeme, au amenaswa kwenye uzio, wajulishe Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Nairobi, Barabara ya Lang'ata. Taja mahali kwa usahihi, aina ya mnyama, hali yake na saa aliyoonekana. Namba ya dharura ya shirika hilo iandikwe kwenye simu leo, wala isitafutwe siku ya tukio.

Mnyama aliyepigwa na nyaya za stima anahitaji daktari hata kama ameinuka na kukimbia. Kuchomeka kwa umeme huonekana kidogo juu ya ngozi, lakini nyama ya ndani huendelea kufa kwa siku kadhaa. Ndiyo maana kima aliyeonekana kupona Jumatatu hupatikana amekufa Alhamisi.

La nne ni kutompa chochote mdomoni. Maziwa ya ng'ombe yameumbwa kwa ndama. Mtoto wa mnyamapori akinyweshwa hayo huharisha na kupungukiwa na maji mwilini. Akiwa na baridi au amelegea, maziwa huingia kwenye mapafu badala ya tumbo. Mnyama aliyepoa mwili hupashwa joto kwanza, ndipo alishwe, na kazi hiyo ni ya wataalamu.

La tano linahusu binadamu. Akiumwa au kukwaruzwa na kima, mbwa, mbweha au mnyama mwingine yeyote mwenye damu moto, mtu aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa huzuilika kwa chanjo ikitolewa mapema, lakini dalili zikishaanza mgonjwa karibu daima hufa. Chanjo hiyo hutolewa kwa awamu, na haifai kuachwa njiani kwa sababu jeraha limekauka.

SEHEMU YA 2: NANI MWENYE JUKUMU?

Wakazi wengi huuliza kwa nini kaunti haina kituo chake cha kutunza kima na komba. Jibu liko katika Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010. Ulinzi wa wanyamapori uko chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti imepewa udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo kutoa leseni za mbwa pamoja na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Kwa ufupi, mbwa anayezurura mtaani ni shauri la kaunti, naye kima aliyevunjika mguu ni shauri la KWS.

Sheria inayoongoza ni Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Chini ya sheria hiyo, kumweka, kumfuga au kumuuza mnyamapori bila kibali ni kosa. Kusema "nilimhurumia" hakumpi mtu kibali. Mpangaji wa Kileleshwa akimchukua yule mtoto wa kima nyumbani, atakuwa amevunja sheria hata kama anamlisha vizuri kuliko wanawe.

Mfano ulio karibu na nyumba nyingi za Nairobi ni kasuku wa kijivu. Ndege huyu ni wa msitu wa mvua. Makao yake makuu ni misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, na hapa Kenya amejulikana katika msitu wa Kakamega. Mwaka 2016 mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES ulimweka katika orodha ya juu kabisa ya ulinzi, hivyo biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini ikapigwa marufuku. Mwaka 2023, KWS iliwapa wanaomfuga hapa nchini muda wa kujiandikisha bila malipo. Anayeuziwa kasuku huyu kando ya barabara bila karatasi anaingizwa katika biashara inayomaliza ndege msituni.

SEHEMU YA 3: SAFARI YA MNYAMA NDANI YA KITUO

Nairobi ni mojawapo ya miji michache duniani yenye mbuga ya kitaifa ndani ya mipaka yake. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946 na ina ukubwa wa kilomita 117 za mraba. Karibu na lango lake kuu kuna Makao ya Wanyama Yatima, yaliyofunguliwa mwaka 1964. Ndani ya mbuga hiyo hiyo kuna kitalu cha ndovu yatima cha Shirika la Sheldrick, lililoanzishwa na Daphne Sheldrick mwaka 1977 baada ya kifo cha mumewe, David.

Vituo hutofautiana, lakini mnyama hupitia hatua zinazofanana.

Kupokelewa. Daktari wa wanyama humpima, humpa maji mwilini, na kuandika alikotoka. Taarifa hii ya mwisho ni muhimu, kwa kuwa mnyama hurudishwa vyema zaidi katika eneo alilotoka.

Karantini. Mnyama mgeni hutengwa ili asilete maradhi kwa wenzake. Wakati huu watu wachache sana humkaribia.

Kulishwa. Daphne Sheldrick alitumia miaka mingi kutafuta maziwa yanayomfaa mtoto wa ndovu. Watoto wengi walikufa kwa sababu mafuta ya maziwa ya ng'ombe hayawafai. Hatimaye alifaulu kwa maziwa ya unga ya watoto wachanga wa binadamu yaliyochanganywa na mafuta ya nazi. Ndovu mchanga hunyonyeshwa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, na mlezi hulala naye chumba kimoja. Walezi hupokezana ili mtoto asimzoee mtu mmoja, kwa maana mlezi huyo akienda likizo, ndovu anaweza kuhuzunika hadi akaacha kula.

Kurudi kwa wenzake. Mnyama anayeishi kwa makundi hajifunzi kuwa mnyama kutoka kwa binadamu. Ndovu wa Nairobi huhamishiwa Tsavo au msitu wa Kibwezi, ambako huendelea kuishi na yatima wenzao huku wakikutana na ndovu wa porini. Safari nzima, tangu chupa ya kwanza ya maziwa hadi uhuru, inaweza kuchukua miaka kumi.

Kuachiliwa, au kubaki. Si kila mnyama hurudi porini. Aliyevunjika vibaya, au aliyefugwa nyumbani tangu utotoni hadi hajui hatari, huenda akaishi kituoni maisha yake yote. Hiyo ndiyo bei ya kuchelewa kupiga simu.

SEHEMU YA 4: VITUO VYA MSITUNI

Vijana wengi wa Nairobi wameona picha za watu wakijitolea katika vituo vya misitu ya mvua, wakiwa wamebeba sokwe au kima mikononi. Hakuna haja ya kuvuka bahari ili kuona kazi hiyo. Afrika Mashariki inayo vituo vya aina hiyo, na kazi yake haifanani na picha.

Nchini Uganda, katika Ziwa Victoria, kisiwa cha Ngamba ni makao ya sokwe yaliyofunguliwa mwaka 1998. Kisiwa kina ukubwa wa takriban hekta 40, karibu chote kikiwa msitu. Sokwe wanaoishi hapo walinusurika mikononi mwa wawindaji na walanguzi. Mchana huingia msituni, jioni hurejea kula na kulala. Kwa sababu sokwe huambukizwa mafua, kifua kikuu na maradhi mengine ya binadamu, mtu anayetaka kuwakaribia hupimwa na kuonyesha vyeti vya chanjo. Mtu mwenye mafua anaweza kuliua kundi zima.

Pwani ya Kenya, huko Diani, shirika la Colobus Conservation lilianzishwa mwaka 1997 kwa sababu mbega walikuwa wakigongwa na magari kwenye barabara ya ufuoni. Limetundika madaraja ya kamba na vipande vya plastiki juu ya barabara ili wanyama wavuke bila kugusa lami. Hukata matawi yaliyo karibu na nyaya za umeme, hung'oa mitego, na hulea yatima wa kima na tumbili katika makundi hadi waweze kuachiliwa. Mbega ndiye mgumu zaidi kumlea. Tumbo lake lina vyumba kadhaa na hutegemea vijidudu vya kuchachusha majani, kwa hiyo chakula kisicho chake humuua upesi. Shirika hilo hupokea watu wa kujitolea.

Kakamega, kipande cha Kenya cha msitu wa mvua uliowahi kushikana na ule wa Kongo, kinaonyesha upande mwingine wa kazi. Huko wenyeji, kupitia kikundi cha KEEP, hufundisha watoto wa shule kuhusu msitu na kuongoza wageni. Msitu ukilindwa, wanyama wa kuokolewa hupungua.

SEHEMU YA 5: KAZI YA MTU WA KUJITOLEA

Anayejitolea kituoni aamke akijua kwamba siku yake itaanzia jikoni. Matunda na mboga huoshwa, hukatwa na kupimwa kwa mizani, kwa kuwa kila mnyama ana kipimo chake. Baada ya hapo ni kufagia vizimba, kusugua sakafu kwa dawa, kufua mablanketi na kuchota majani mabichi. Mchana kuna kutengeneza vitu vya kuwashughulisha wanyama, kama magogo yaliyotobolewa na kufichwa chakula ndani. Jioni kuna kuandika: nani amekula, nani amekataa, nani anakohoa, nani amepigwa na wenzake. Daktari hutegemea daftari hilo.

Kuna kazi pia zisizohusu kumgusa mnyama: kurekebisha uzio, kupanda miti, kuhesabu makundi msituni, kuongoza wageni, kuweka hesabu za pesa, kutunza kompyuta. Fundi wa stima, seremala, mhasibu au mwalimu huweza kukisaidia kituo kuliko mtu aliyekuja kupiga picha.

Jambo gumu zaidi kwa wengi ni kujizuia. Mtoto wa kima aliyezoea kubebwa na kila mgeni hukua bila kumwogopa binadamu. Siku ya kuachiliwa, humfuata mtu wa kwanza anayemwona, naye mtu huyo anaweza kuwa na panga. Ndiyo maana katika vituo vingi kazi ya kulea watoto hufanywa na walezi wachache walioajiriwa, na mgeni hutazama kwa mbali.

SEHEMU YA 6: MASWALI KABLA YA KULIPA HATA SHILINGI

Vituo vingine huomba ada ya chakula na malazi. Hilo si kosa, lakini mkazi aulize yafuatayo kabla ya kutuma pesa.

Je, kituo kina kibali cha KWS, au cha mamlaka ya nchi kilipo? Je, kuna daktari wa wanyama? Wanyama hutoka wapi, na wangapi wamerudi porini? Je, wageni huruhusiwa kuwabeba watoto wa wanyama? Jibu likiwa ndiyo, tahadhari. Je, wanyama huzaliana kituoni bila mpango? Kituo cha kuokoa hujitahidi kupunguza idadi ya wanaohitaji msaada, bali anayezalisha ili apate watoto wa kuonyesha wageni anafanya biashara. Je, kituo huuliza kuhusu chanjo na afya ya anayejitolea? Kisipouliza, hakijali wanyama wala watu.

Kwa upande wake, anayejitolea ajiandae na chanjo za pepopunda, homa ya ini na kichaa cha mbwa kwa ushauri wa daktari, kipimo cha kifua kikuu, bima ya afya, cheti cha maadili mema, nguo za kazi na buti. Aahidi muda anaoweza kuutimiza. Anayekuja siku mbili na kutoweka huwaachia wengine kazi mara mbili.

Kijana anayetafuta kazi katika sekta hii ajue pia kwamba kujitolea peke yake hakutoshi. Kuna mafunzo rasmi, yakiwemo yale ya Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori iliyoko Naivasha. Miezi michache ya kujitolea husaidia kujua kama kazi yenyewe inamfaa kabla ya kulipa karo.

SEHEMU YA 7: KUANZIA HAPA NAIROBI

Wengi hawana nauli ya Diani wala Ngamba. Kazi ipo karibu.

Msitu wa Karura upo kwa sababu raia walikataa unyakuzi wake. Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa langoni mwake Januari 1999 wakijaribu kupanda miti. Tangu mwaka 2009, kikundi cha Marafiki wa Msitu wa Karura kimeshirikiana na Shirika la Huduma za Misitu (KFS) kuurudisha hadhi, na katika miaka ya 2010 mbega weusi kwa weupe walihamishiwa humo. Kuna vikundi vinavyosaidia pia bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 umbali mfupi kutoka katikati ya jiji, pamoja na City Park na Msitu wa Ngong Road. Kila Jumatano asubuhi, shirika la Nature Kenya huongoza matembezi ya kutazama ndege yanayoanzia Makavazi ya Kitaifa. Anayejifunza kumtambua ndege leo ndiye atakayejua kesho kwamba ndege fulani ameumia.

Nyumbani pia kuna la kufanya. Funika mapipa ya taka, kwa kuwa kima aliyezoea pipa huvuka barabara kila siku. Usiwalishe kima Arboretum au City Park. Anayempa kima njugu leo ndiye anayemfundisha kumnyang'anya mtoto mkate kesho. Mpeleke mbwa achanjwe. Wasimamizi wa majengo waripoti kwa kampuni ya umeme matawi yanayogusa nyaya, wala wasipande kuyakata wenyewe. Madereva wapunguze mwendo alfajiri na jioni kwenye barabara zenye miti pande zote mbili.

KURUDI KILELESHWA

Sasa bawabu yule anajua la kufanya. Anawaomba watu warudi nyuma na kuwaelekeza watoto waende shule. Anasimama barabarani kuyapunguza mwendo magari. Anapiga simu KWS, anataja jina la barabara na jengo, na kueleza kwamba mama amekufa na mtoto yuko hai, bado amemshika. Hamtoi mtoto kwenye mwili wa mama, kwa kuwa joto linalobaki humsaidia na kumng'oa kunaweza kumfanya aume. Mama mboga anarudi na ndizi yake. Mpangaji anarudisha maziwa ndani, lakini anabaki na sanduku la katoni lenye matundu, endapo maafisa watalihitaji.

Hakuna aliyebeba mtoto wa kima, na hakuna picha nzuri iliyopigwa. Lakini mtoto huyo sasa ana nafasi ya kufika kwa daktari akiwa hai, na miaka michache baadaye, ya kuwa mmoja wa kima wanaoruka juu ya miti bila kumtazama binadamu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mtoto wa kima aliyeanguka mtini asichukuliwe mara moja?
2. Eleza tofauti kati ya jukumu la kaunti na la KWS kuhusu wanyama.
3. Kwa nini walezi wa ndovu yatima hupokezana usiku?
4. Taja dalili mbili zinazoonyesha kwamba kituo kinafanya biashara badala ya kuokoa wanyama.
5. Je, namba ya dharura ya KWS iko kwenye simu yako, na bawabu wa jengo lenu anayo?